Dalali Hana Wafanyakazi

Nianze na dai lenyewe, ili asiyelitaka asipoteze muda. Kampuni nyingi za vijana wenzangu zinazowapatia wakurugenzi wa ng'ambo wasaidizi wa kufanya kazi kwa mtandao si kampuni. Ni madalali wenye tovuti nzuri. Wanamtafuta mteja Chicago au London, wanamtafuta msichana wa Nairobi au Mombasa mwenye shahada na Kiingereza kisichotia aibu, wanawaunganisha, wanakata chao kila mwezi. Baada ya hapo, kila kinachoharibika ni cha yule msichana.

Nasema haya nikiwa ndani. Nina biashara ya aina hiyo. Tuko saba, wasaidizi sita na mimi, katika ghorofa ya pili ya nyumba ya kupanga hapa Mombasa, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mchana nasomea shahada ya uzamili. Jioni nafungua ofisi, kwa kuwa asubuhi ya Marekani ni jioni yetu. Kwa hiyo simsemi jirani. Nausema mtaa ninaokaa, na nitasema hesabu zangu pia.

Sina ugomvi na udalali wenyewe. Pwani tumekua na madalali: wa nyumba, wa ng'ombe, wa magari yaliyoshuka bandarini. Dalali anajulikana. Anakuonyesha nyumba, anachukua chake, anaondoka, na paa likivuja hutamtafuta kwa sababu hakukuambia kamwe kwamba nyumba ni yake. Ugomvi wangu ni na dalali anayejiita mwajiri. Huyu kwenye tovuti yake ameandika "timu yetu", ameweka picha za wasichana wanaotabasamu mbele ya laptopu, anamwambia mteja "watu wetu tunawachuja, tunawafunza, tunawasimamia". Kisha katika mkataba anaompa msichana yule yule ameandika kwamba yeye ni mtoa huduma huru, anayejitegemea, asiye mfanyakazi wa mtu yeyote. Karatasi mbili, na mtu mmoja anasema uongo katika mojawapo.

Kwanza tuelewane kazi hii ni kazi gani, maana wengi wakisikia "msaidizi wa mtandaoni" wanafikiri ni kupiga chapa.

Msaidizi wa mkurugenzi huanza zamu kwa kufungua sanduku la barua pepe lisilo lake. Tuseme anakuta barua mia mbili. Hamsini anazijibu kwa jina la mwenyewe. Nyingine anazifuta. Kumi na mbili anamwachia bosi, na juu ya kila moja ameandika mstari mmoja: huyu anataka jibu leo, huyu amekasirika ila hasemi, huyu asijibiwe kabisa. Anasogeza mkutano wa watu watano walio katika nchi tatu bila yeyote kuhisi amedharauliwa. Anakata tiketi ya ndege akijua kwamba bosi hakai kiti cha katikati na hasafiri siku ya kuzaliwa ya mtoto wake wa pili. Ana namba ya kadi ya benki. Ana nakala ya pasipoti. Anajua mke wa bosi ni mjamzito kabla mama mkwe hajajua. Anajua kampuni inauzwa kabla wafanyakazi wake hawajaambiwa.

Kupiga chapa ni sehemu ndogo ya hayo. Kinachouzwa hapa ni amana. Hata neno la Kiingereza la katibu limetokana na Kilatini, na maana yake ya asili ni mtunza siri. Kiswahili kikamwita katibu muhtasi, na kikampa pia jina la mhazili. Tanzania ilikuwa na chuo kizima kwa ajili yao, Chuo cha Uhazili Tabora, na kwa miaka mingi matangazo ya kazi serikalini yamekuwa yakidai hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 au 100 kwa dakika. Ile hatimkato ilikuwa kipimo cha mkono. Lakini mtu hakuwekwa mlangoni kwa katibu mkuu wa wizara kwa sababu ya mkono peke yake. Aliwekwa pale kwa sababu angeweza kusikia jambo saa nne asubuhi na kwenda kula na wenzake saa saba bila kulitaja. Na mtu wa namna hiyo hukumwajiri kwa kibarua cha siku. Ulimpa cheo, likizo na pensheni, kwa sababu ulielewa kwamba anayeshika funguo zako asiwe mtu mwenye njaa.

Hilo lilieleweka. Limesahaulika vipi?

Sehemu ya jibu iko Marekani. Mwaka 2005 mwandishi A. J. Jacobs alichapisha katika jarida la Esquire makala ya kuchekesha kuhusu jinsi alivyowakabidhi wasaidizi wa Bangalore maisha yake: barua zake, manunuzi yake, ugomvi wake na mkewe, hata wasiwasi wake, ili wao wahangaike kwa niaba yake. Ilikuwa kejeli. Miaka miwili baadaye Tim Ferriss aliiweka makala hiyo ndani ya kitabu chake, The 4-Hour Workweek, kitabu kilichowafundisha maelfu ya wajasiriamali kuchuma kwa sarafu nzito na kulipa kwa sarafu nyepesi. Kichekesho kikawa mtaala. Mteja anayenipigia simu leo amelelewa na mtaala huo. Anaamini kwamba mtu wa mbali ni wa bei rahisi kwa maumbile, kama vile embe lilivyo rahisi shambani.

Sehemu nyingine ya jibu ni sisi wenyewe. Tangu nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009 tumeambiwa kwamba kazi za dunia zitatufuata humu. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ikaanzisha mpango wa Ajira Digital, na vijana wengi wamefunzwa kutafuta kazi mtandaoni. Sawa. Lakini nyuma ya mafunzo hayo limezuka kundi la walimu wa aina nyingine, wanaouza masomo ya "fungua wakala wako mwenyewe bila mtaji". Uza saa za wenzako. Wewe tafuta wateja tu.

Bila mtaji. Maneno hayo mawili ndiyo yanayonikera kuliko yote. Hakuna biashara isiyo na mtaji. Kuna biashara ambayo mtaji wake umetoka kwa mtu mwingine. Katika udalali huu laptopu ni ya msaidizi, bando ni lake, umeme ni wake, kiti kinachomuumiza mgongo ni chake, na usingizi ni wake. Anayesema hana mtaji amepewa mtaji na mtu anayemlipa kidogo, bila hata kuandikiana deni.

Kwa hiyo nina maswali manne ya kumtambua dalali. Yatumie popote utakapoitwa kwa usaili, au popote rafiki yako atakapokualika uwe mshirika.

La kwanza: mteja akichelewa kulipa, nani anasubiri? Mwajiri ana tarehe ya mshahara. Dalali ana sentensi: "Mteja bado hajatuma." Ukisikia sentensi hiyo hata mara moja, jua kwamba aliyekopeshwa ni mteja, na aliyemkopesha ni wewe.

Mwaka jana mteja mmoja wangu wa Marekani, ambaye simtaji, alinyamaza. Alikuwa anadaiwa mwezi mmoja na nusu. Msaidizi wake ni mama wa watoto wawili, amenizidi miaka minane, ananiita bosi kwa mzaha nami namwita dada kwa haki yake. Alikuja mezani kwangu akasema, "Nimeona hajibu. Usinifiche." Nikamwambia, "Dada, mshahara wako uko tarehe ile ile. Hilo lingine ni langu." Nilimlipa kwa pesa niliyokuwa nimeiweka kwa karo, ndiyo maana tasnifu yangu iko nyuma ya wenzangu muhula mzima. Sisimulii ili nipigiwe makofi. Nasimulia kwa sababu kulipa tarehe ile ndiyo kazi yangu. Kila mwezi nakata sehemu ya jasho la dada huyu. Kama sehemu hiyo hainunui usalama wa mwezi mteja anaponyamaza, inanunua nini?

La pili: msaidizi akiugua, nani anapoteza? Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 iko wazi. Mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini ana haki ya angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara katika mwaka. Ana siku 21 za likizo. Mwanamke akijifungua ana miezi mitatu yenye malipo. Andika "mtoa huduma huru" juu ya karatasi na hayo yote yanayeyuka kwa wino wa sentensi moja. Dalali anaita jambo hilo wepesi wa kazi. Wepesi huo humwinua yeye.

La tatu: giza likiingia, gharama ni ya nani? Agosti 2023 umeme ulizimika karibu nchi nzima. Desemba ya mwaka huo huo ukazimika tena. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM ziliharibika chini ya bahari, upande wa kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kubembeleza. Mteja wa New York hajui wala hapaswi kujua habari za nyaya. Anachojua ni kwamba msaidizi wake hakuingia kwenye mkutano. Mwajiri ndiye anayetakiwa kununua betri na inveta, na kuweka laini ya pili inayopita njia nyingine. TEAMS, kwa mfano, hutoka Mombasa kwenda Fujairah wala haipiti kusini kabisa. Dalali hana laini ya pili. Ana kifungu cha mkataba kinachosema kwamba mtoa huduma atahakikisha intaneti ya uhakika wakati wote, la sivyo atakatwa.

La nne, na hili ndilo zito: siri ikivuja au pesa ikipotea, nani anasimama mbele? Nimeonyeshwa mikataba na waombaji kazi ambamo msichana wa miaka 23 anaahidi kufidia hasara yoyote itakayompata mteja, bila kikomo. Yule anayemchuja, anayemfunza na anayemsimamia, kwa maneno ya tovuti yake mwenyewe, hakuahidi chochote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde kwa mifumo na taratibu. Taratibu ni kazi ya kampuni: nani anaona nini, nenosiri linahifadhiwa wapi, kadi ya mteja ina kikomo cha kiasi gani, mtu akiacha kazi funguo zinabadilishwa saa ngapi. Huwezi kumkabidhi msichana taratibu hizo kama mzigo wa kichwani, kisha ukaenda kulala.

Umeona sura ya maswali haya. Yote ni swali moja: hatari inakaa kwa nani? Biashara hii ina sehemu mbili tu, amana na hatari. Amana anaibeba msaidizi, hakuna namna nyingine. Kama hatari nayo anaibeba yeye, aliyebaki katikati anabeba nini? Anabeba risiti.

Na kuna kifungu kimoja kinachomfichua dalali kuliko maswali yote manne. Ni kile kinachomkataza msaidizi kuajiriwa moja kwa moja na mteja, kwa mwaka mmoja au miwili, mpaka faini kubwa ilipwe. Zingatia uhodari wake. Msichana akiugua, ni mtu huru asiyemhusu mtu. Umeme ukikatika, ni mtu huru. Lakini mteja akimpenda na kutaka kumlipa mara mbili, ghafla ana mwenyewe. Uhuru wake unadumu mradi tu una hasara.

Sasa hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na hasira bila daftari ni kelele.

Kati ya kila shilingi 100 anazolipa mteja wetu, 60 ni mshahara wa msaidizi. Shilingi 5 zinaenda kwenye michango ya lazima inayomhusu mwajiri na kulipia zamu za wanaoshikilia wenzao wakiwa likizo au wagonjwa. Shilingi 6 ni intaneti mbili, betri na usafiri wa usiku. Shilingi 4 zinaliwa na kubadilisha na kutuma pesa. Shilingi 10 zinaingia katika mfuko usioguswa, mpaka mfuko huo utoshe mishahara ya wote kwa miezi miwili. Ukipungua, tunaanza kuujaza tena. Shilingi 15 zinazobaki ni kodi ya nyumba, kodi ya serikali na mimi. Si nyingi. Mimi silali njaa, ila sijanunua gari, na nikifungua mitandao naona mabosi wa wiki mbili wamekwisha nunua.

Mikataba niliyoonyeshwa na waombaji kazi huwapa msaidizi 30 au 40 kati ya kila 100. Mfuko wa akiba hakuna. Laini ya pili hakuna. Basi nisiambiwe kwamba dalali ni mfanyabiashara hodari kuniliko. Ana gharama tatu zisizo kwenye daftari lake, na ameziweka kwenye daftari la mtu asiyemwona.

Najua pingamizi, kwa sababu nimeletewa zote.

Mzee mmoja mhasibu anayewasaidia wenye biashara ndogo hapa mtaani aliniambia kwa nia njema kabisa: "Mwanangu, waandike kuwa makontrakta. Wote wanafanya hivyo. Utapumua." Nikamuuliza, "Ami, saa zao ninapanga nani?" Akasema, "Wewe." "Na wakichelewa?" "Unawakemea wewe." "Basi hao ni makontrakta wa nini?" Akacheka, akasema karatasi ndiyo inayohesabika. Hapo tunatofautiana, na si mimi peke yangu. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber ni wafanyakazi wenye haki za wafanyakazi, ingawa mkataba ulisema vingine, kwa kuwa kilichopimwa ni nani aliyekuwa na amri juu ya kazi yao. Hapa kwetu, Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa ilisema Meta inaweza kushtakiwa nchini Kenya na wasimamizi wa maudhui waliokuwa wameajiriwa kupitia kampuni za kati. Kesi hizo si za makatibu muhtasi. Lakini swali ni lile lile, na majaji wamekwisha anza kulitazama nyuma ya karatasi.

Wengine huniambia, "Kuwaajiri watu kutakuua. Tazama Zirtual." Naijua habari hiyo. Zirtual ilikuwa kampuni ya Kimarekani ya wasaidizi wa aina hii hii. Iliwatoa watu wake katika ukontrakta ikawafanya wafanyakazi kamili, na Agosti 2015, usiku mmoja, wafanyakazi wapatao 400 walipata barua pepe kwamba kazi imekwisha. Muda mfupi baadaye kampuni nyingine ikaichukua. Wapenda udalali wanaisoma habari hii kama onyo dhidi ya ajira. Mimi naisoma kama onyo dhidi ya kutokuwa na akiba. Mwanzilishi wake mwenyewe alieleza baadaye kwamba kampuni ilikuwa inateketeza pesa kuliko inavyoingiza. Mshahara ni gharama inayojulikana tarehe yake na kiasi chake. Inaweza kupangiwa bei. Isiyoweza kupangiwa bei ni tamaa ya kukua kwa pesa ya kukopa huku ukiwaambia watu 400 kwamba kesho ipo. Na tazama nani aliyeipata barua ile usiku.

Wapo wanaosema, "Wasaidizi wenyewe wanataka uhuru." Baadhi yao ndiyo, nami nawaheshimu. Mwenye wateja wake watatu, anayepanga bei yake na kukataa kazi asiyoitaka, huyo ni mtu huru na hanihitaji. Atanikuta sokoni kama mshindani. Ninayemzungumzia ni yule anayepangiwa zamu. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni Mombasa, na Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma Novemba, inakuwa saa kumi na moja mpaka Machi. Ana mteja wa California? Siku ya bosi wake inaisha saa tisa usiku wetu, na baada ya Novemba saa kumi alfajiri. Magharibi ya Mombasa huangukia katikati ya asubuhi ya New York, kwa hiyo mwezi wa Ramadhani mtu anafuturu kwa tende mbili huku kipaza sauti kimezimwa. Hata saa yake ya kula imepangwa na sheria ya nchi asiyowahi kuikanyaga. Ukimwita huyo mtu huru, neno huru halina kazi tena.

Kisha linakuja lile la mwisho, linalosemwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni hekima: "Ukipandisha bei mteja atakwenda Manila, au atanunua programu." Atakwenda, yule aliyekuwa ananunua saa. Aende. Programu zimekwisha anza kupanga kalenda na kuandika barua, na zitazidi. Anayeuza saa za kupanga kalenda anauza barafu juani. Lakini programu haitampigia simu daktari wa baba yake bosi, isikie kusitasita katika sauti, na iamue kufuta mikutano ya mchana kabla haijaulizwa. Msaidizi wangu mmoja alifanya hivyo. Mteja huyo hajawahi kuniuliza bei ya Manila. Ameuliza tu kama dada yule anakusudia kubaki, na jibu la swali hilo liko katika likizo yake, mshahara wake na tarehe yake. Mtu habaki mwaka wa tatu mahali asipoweza kuugua.

Ndiyo maana nashikilia kwamba hili si suala la huruma. Sisemi tuwe wema. Nasema bidhaa tunayoiuza ni mtu anayeaminika na anayebaki, na udalali hauwezi kuizalisha bidhaa hiyo. Unaweza kuikodisha tu, kutoka kwa mama aliyemlea msichana asiibe, kutoka kwa mwalimu aliyemfunza kuandika, kutoka kwa msichana mwenyewe ambaye bado ana subira. Subira hiyo ina mwisho. Kila msaidizi anayeondoka na mshahara wa mwezi ambao haukulipwa anaondoka pia na imani kidogo ambayo mteja wa ng'ambo alikuwa nayo juu yetu sote, na mimi wa ghorofa ya pili nitaulizwa habari za mtu nisiyemjua.

Kwa mwenzangu anayetaka kuanza biashara hii, nina sharti moja. Kabla hujamwajiri mtu wa kwanza, weka kando mshahara wake wa miezi miwili. Huna? Basi bado huna biashara, una wazo, na wazo halina haki ya kumfanyisha mtu zamu ya usiku. Subiri. Fanya kazi hiyo wewe mwenyewe kwa mteja mmoja, uweke akiba, ujifunze jinsi macho yanavyowasha saa nane za usiku. Ukikataa kusubiri, basi kuwa dalali, lakini jiite dalali. Waunganishe, chukua chako mara moja, uwaache wapatane wenyewe. Hilo nalo ni kazi halali.

Na wewe uliyeitwa kwa usaili wiki ijayo, uliye na shahada, laptopu ya mkopo na sauti nzuri ya simu: watakuuliza unaandika maneno mangapi kwa dakika. Jibu. Kisha waulize wao mshahara unalipwa tarehe ngapi mteja asipolipa. Wakitazamana, chukua mkoba wako.